Eduardo Mondlane: kutoka kuchunga ng'ombe Gaza hadi kulamba nondo Oberlin



Kila mwaka ukifika msimu wa kutuma maombi ya vyuo vya Marekani utawaona vijana kwenye kafe wamekodolea macho fomu. Wanaandika, wanafuta, dakika zinakwenda na hela inakwenda. Swali ni lile lile: hivi hawa jamaa wa vyuo vikali wanatafuta mtu wa namna gani? Wengine wanaishia mikononi mwa mawakala wanaoahidi skolashipu ukishalipa ada ya usajili, halafu simu haipokelewi tena.

Leo sileti dawa ya fomu. Naleta maisha ya mtu ambaye wengi tunamjua kwa jambo moja tu, kwamba aliuawa kwa bomu hapa Dar es Salaam. Eduardo Chivambo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO. Habari ya bomu tumeisikia tangu shule ya msingi. Ya jinsi alivyopata kiti Oberlin College, Ohio, mwaka 1951 akiwa na miaka 31, hiyo haisimuliwi sana. Na ukiifuatilia unakuta kwamba hakuna mlango hata mmoja uliofunguka kwa ulaini. Kila mlango ulifungwa kwa sheria, na yeye akazunguka.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 kijiji cha Nwadjahane, Mandlakazi, mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji. Mandlakazi ndiyo ilikuwa makao ya Gungunhana, mfalme wa Gaza aliyekamatwa na Wareno mwaka 1895. Kwa hiyo wazee waliomlea Mondlane walikuwa wanaikumbuka dola yao kwa macho, siyo kwa kusoma vitabuni. Baba yake alikuwa chifu wa Kitsonga mwenye wake kadhaa na watoto wengi, akafariki Eduardo angali mdogo. Mama ndiye aliyeshika usukani. Mtoto alichunga mifugo kama watoto wengine wa pale, na hakuingia darasani mpaka alipokaribia miaka kumi na kitu. Mama yake ndiye aliyetaka mwanawe akajue siri ya nguvu za hawa wageni waliowatawala. Yaani shule siyo kwa ajili ya kazi ya ofisini, shule kwa ajili ya kumjua adui. Shikeni hapo, tutarudi.

Sasa, tuelewane kuhusu Msumbiji ya wakati ule, maana bila hilo stori yote haina uzito. Wareno waligawa watu mafungu mawili. Kulikuwa na raia, na kulikuwa na wenyeji ambao sheria yao ilikuwa nyingine kabisa, na kazi ya lazima ilikuwa juu yao. Mweusi aliweza kupanda daraja akaitwa asimilado, lakini mpaka aonyeshe kwamba anakijua Kireno, ana kipato, anaishi kama Mzungu na mila za kwao ameziacha. Kufikia mwaka 1950, katika nchi ya watu zaidi ya milioni tano na nusu, waliopewa hadhi hiyo hawakufika 5,000. Chukua kikokotozi upige mwenyewe.

Elimu ilifuata mstari huo huo. Mtoto mweusi alisoma shule ya awali ya kumfundisha Kireno na kazi za mikono, nyingi zikiwa chini ya misheni ya Kikatoliki kwa makubaliano ya Ureno na Vatikano ya mwaka 1940. Akimaliza anakuwa ameshapitwa na umri wa kuingia sekondari ya serikali, na hata angekuwa na umri, ada nani angelipa? Mfumo ulijengwa ili mtu kama Mondlane aishie kwenye cheti cha msingi. Na kweli, alipokipata hicho cheti pale Lourenço Marques (ndiyo Maputo ya leo), kwa upande wa serikali safari ilikuwa imekwisha.

Hapa ndipo wanapoingia Waswisi.

Mondlane alikuwa amesoma kwenye misheni ya Kipresbiteri ya Uswisi, Waprotestanti ambao Wareno hawakuwapenda hata kidogo. Misheni ile ilikuwa na vikundi vya vijana vilivyoongozwa kwa namna ya kijadi, na mlezi wao mmoja alikuwa mmisionari André-Daniel Clerc. Clerc alimwona huyu kijana kipanga akamshika mkono. Mwaka 1946 kikatoka kitabu Ulaya kwa Kifaransa, kinamsimulia mtoto wa chifu aitwaye Chitlangou: kuchunga, kufiwa na baba, kuanza shule. Jina la juu lilikuwa la Clerc lakini maisha yaliyomo ni ya Mondlane mwenyewe, na walikishughulikia pamoja. Mwaka 1950 kikatoka cha Kiingereza. Nyie wa siku hizi mnaumiza kichwa na insha ya kujieleza ya kurasa mbili. Mwenzenu yake ilikuwa kitabu kizima, kilichapwa yeye mwenyewe bado yuko sekondari.

Maana sekondari aliipata kwa kuzunguka mbali. Kwanza alikwenda Cambine, kwa wamisionari wa Kimethodisti kutoka Marekani, akasomea kilimo. Unaweza ukajiuliza, kipanga kama huyu kilimo cha nini? Jibu ni kwamba ndiyo nafasi iliyokuwepo. Lakini Cambine alipata kitu ambacho serikali ya Mreno haikuwa na mpango wa kumpa: Kiingereza. Akarudi kwao akafundisha wakulima namna ya kulima sehemu zenye mvua chache. Mtu wa miaka ishirini na kitu, cheti cha msingi, anatembea vijijini kuelekeza watu mashamba. Ungemkuta wakati ule usingesema huyu atakuja kuwa daktari wa falsafa.

Kutoka hapo akapata nafasi kwa msaada wa misheni kwenda Lemana, kaskazini mwa Transvaal, Afrika Kusini. Ilikuwa mwaka 1944. Anaanza sekondari ana miaka 24! Fikiria mwenyewe unakaa dawati moja na watoto wa miaka 14, mwalimu pengine mnalingana. Kwa lugha isiyokuwa ya mama yako wala ya mtawala wako, ni lugha ya tatu hiyo. Alipiga msuli akamaliza, akafaulu mtihani wa kuingilia chuo kikuu.

Mwaka 1948 alikuwa Johannesburg kwenye shule ya ustawi wa jamii ya Jan Hofmeyr, ile ile aliyopita Joshua Nkomo na baadaye Winnie Mandela. Kisha akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Wits, chuo cha Wazungu kilichokuwa kinapokea weusi wachache sana. Nelson Mandela naye alikuwa pale akihangaika na sheria miaka hiyo hiyo.

Ila mwaka 1948 ndiyo chama cha Malan kilishinda uchaguzi wa Wazungu na ubaguzi ukawa sera rasmi. Mwaka uliofuata serikali ikakataa kumwongezea Mondlane kibali cha kukaa nchini. Sababu? Ni mweusi wa kigeni, na mweusi wa kigeni nafasi yake Afrika Kusini ilikuwa mgodini, siyo kwenye ukumbi wa mihadhara. Wasumbiji kwa maelfu walikuwa wanachimba dhahabu chini ya ardhi ya Johannesburg kwa vibali halali kabisa. Huyu mmoja aliyeshika kalamu akaonekana ni hatari. Wanafunzi wenzake wa Wits walilalamika, haikusaidia. Akafungasha.

Angekuwa mwingine angekata tamaa hapo. Miaka 29, shahada hana, amerudishwa kwao. Na kule kwao polisi wakamkamata. Walitaka kujua habari za NESAM, umoja wa wanafunzi weusi wa sekondari aliosaidia kuuanzisha mwaka 1949 (miaka ya baadaye ndani ya umoja huo walipita Joaquim Chissano na Armando Guebuza, wote wawili wakaja kuwa marais wa Msumbiji). Walimhoji, wakamwachia, na wakahitimisha kwamba ana mbegu za uzalendo wa watu weusi kichwani. Dawa waliyoiona inafaa ni kumpeleka Lisbon akasome, akae na Wareno halisi, ugonjwa upone.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa hatakiwi hata sekondari, ghafla njia ya chuo kikuu cha Ureno ikawa wazi. Fedha zilitoka kwa Phelps-Stokes Fund, mfuko wa New York uliokuwa unashughulikia elimu ya Waafrika na Wamarekani weusi kwa miaka mingi. Mwaka 1950 akatua Lisbon, Mwafrika mweusi wa Msumbiji wa nadra sana kufika hapo.

Dawa ya Mreno ikazidisha ugonjwa. Pale Lisbon ndipo walipokuwa wamekusanyika vijana wa makoloni yote: Agostinho Neto kutoka Angola, Amílcar Cabral wa Guinea na Cape Verde, Mário de Andrade, Marcelino dos Santos wa kwao Msumbiji. Hebu rudia kusoma majina hayo. Marais na waasisi wa vyama vitatu vya ukombozi wanakunywa kahawa mji mmoja, kwa gharama ya safari iliyokusudiwa kuwatuliza. Polisi wa siri, PIDE, nao hawakulala. Walimfuatilia Mondlane, wakapekua chumba chake mara kwa mara, mpaka kusoma kukawa shida.

Ndipo akaomba skolashipu ihamishiwe Marekani. Na hapa nataka twende polepole maana ndiyo kiini cha stori.

Oberlin siyo chuo cha kubahatisha. Kilianzishwa 1833, kikaanza kupokea weusi tangu 1835, wakati sehemu kubwa ya Marekani mtu mweusi alikuwa mali ya mtu. Mwaka 1837 kikaingiza wanawake. Mji wenyewe ulikuwa kituo cha kuwapitisha watumwa waliotoroka kusini wakielekea Kanada. Na kwa Waafrika haikuwa mara ya kwanza: John Dube wa Natal, ambaye mwaka 1912 alikuja kuwa rais wa kwanza wa chama kilichoitwa baadaye ANC, alisoma Oberlin miaka ya 1880. Naye alifikishwa huko na mmisionari. Kwa hiyo njia ya misheni kwenda Ohio ilishakanyagwa.

Sasa angalia mwombaji huyu alikuwa na nini mkononi mwaka 1951. Mitihani ya TOEFL haikuwepo, imeanza 1964. Vyeti vyake vilitoka nchi tatu, mfumo wa kila mmoja tofauti. Wits hakumaliza, Lisbon hakumaliza. Mtu wa kusoma makaratasi harakaharaka angesema huyu anarukaruka, hatulii. Lakini ukiuliza kwa nini hakumaliza unakuta jibu moja: serikali mbili zilimwondoa au kumsumbua, na hakuna mahali alipoondoka kwa kufeli. Nyuma yake kulikuwa na watu waliomjua tangu kijana, Waswisi, Wamethodisti wa Kimarekani, na mfuko ambao tayari ulikuwa umeshaweka hela juu yake. Siyo barua ya mwalimu mkuu aliyemkumbuka wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho. Miaka kumi na zaidi ya watu kumwona akifanya kazi.

(Najua kuna mdau atasema hiyo ni kujuana tu. Kidogo ni kweli. Ila wamisionari wale walilea vijana wengi, na Mreno alimchagua mmoja huyo kumkamata.)

Alianza Oberlin mwaka huo wa 1951 na mwaka 1953 akachukua shahada ya kwanza. Miaka miwili badala ya minne, maana hakuanzia mwanzo. Alikuwa na miaka 33, umri ambao wenzake wengi walishakuwa na watoto wa shule. Majira hayo hayo ya 1951 alikutana na binti wa Kimarekani, Janet Johnson, kwenye kambi ya vijana wa kanisa huko Wisconsin. Binti alikuwa na miaka 17, mzungu, na Marekani ya wakati ule majimbo mengi yalikuwa na sheria za kukataza ndoa za rangi mbili. Walisubiriana miaka mitano, wakafunga ndoa 1956 pamoja na makelele ya watu wa pande zote mbili.

Kutoka Oberlin akaenda Northwestern, karibu na Chicago. Pale Melville Herskovits alikuwa ameanzisha mwaka 1948 programu ya kwanza kubwa ya masomo ya Afrika nchini Marekani. Mondlane akasoma sosholojia, akapitia Harvard mwaka mmoja kwa utafiti, na mwaka 1960 akawa Dakta Mondlane. Somo la utafiti wake lilihusu mahusiano ya rangi na jinsi mtu anavyojipima kwa kundi lake. Kwa mtu aliyepangiwa fungu na Mreno na kufukuzwa na Kaburu, naona hakuhitaji kwenda mbali kutafuta mada.

Kabla hajamaliza, mwaka 1957, alikuwa ameshapata kazi Umoja wa Mataifa, New York, idara ya nchi za udhamini. Kwetu sisi hapo pana uhusiano wa moja kwa moja, maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na Julius Nyerere alikuwa anakwenda New York miaka hiyo kudai uhuru. Wakajuana. Urafiki huo ulikuja kuamua mengi.

Sasa tafakari alipofika. Ana PhD, mke, watoto, nyumba, mshahara wa dola. Ndoto ya kila anayejaza fomu ile kule kafe, si ndiyo? Mwaka 1961 akapata nafasi ya kurudi Msumbiji kutembea, na kwa kuwa alikuwa mtumishi wa Umoja wa Mataifa Mreno alishindwa kumgusa. Watu walimfuata kwa wingi kumsikiliza. Mwaka mmoja tu kabla, tarehe 16 Juni 1960, askari wa Kireno walikuwa wamewapiga risasi wananchi pale Mueda, na Wamakonde walikuwa wanavuka Ruvuma kuingia kwetu. Alirudi New York akaacha kazi, kwa sababu mtumishi wa Umoja wa Mataifa haruhusiwi siasa. Akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Syracuse ili angalau awe huru kusema.

Tarehe 25 Juni 1962 vyama vitatu vya Wasumbiji, UDENAMO, MANU na UNAMI, viliungana Dar es Salaam na kuwa FRELIMO. Nyerere alikuwa amesukuma sana umoja huo. Mondlane akachaguliwa rais. Alirudi Syracuse kumalizia mkataba wake, na mwaka 1963 akahamia Dar na familia. Profesa wa Marekani akawa mkimbizi wa Bongo kwa hiari yake.

Na kitu cha kwanza kilichojengwa siyo ghala la silaha tu. Janet alisimamia Taasisi ya Msumbiji pale Kurasini, shule ya sekondari kwa vijana waliovuka mpaka wakiwa na elimu ya kuungaunga, fedha za mwanzo zikitoka Ford Foundation ya Marekani. Wakati huo huo wapiganaji wa kwanza walikuwa wanafunzwa Algeria. Tarehe 25 Septemba 1964 risasi za kwanza za FRELIMO zikalia Chai, Cabo Delgado.

Kilichofuata wasimuliaji wengi wanakiruka, nami naona ndicho kigumu kuliko vyote. FRELIMO ilikuwa inapeleka vijana kusoma nje, wengine Marekani, kwa njia ile ile aliyopita rais wao. Ikafika wakati chama kikasema inatosha: kuna sehemu zimeshakombolewa, hakuna walimu, hakuna waganga, msomaji asimamishe masomo aje kufanya kazi kwanza. Wengi waliokuwa Marekani wakagoma. Mwishoni mwa 1967 Mondlane akawaandikia waraka mkali akiwalaumu kwa kujiona wateule. Mwaka 1968 umoja wao ukajibu kwa waraka mkali zaidi, wakimshutumu yeye na uongozi wake kwamba wamesaliti mapinduzi.

Jiweke mahali pao. Anayekwambia uache chuo ana PhD ya Northwestern. Yeye aliruhusiwa kumaliza, wewe unaambiwa ukafundishe hesabu chini ya mti Niassa huku ndege za Mreno zinapita juu. Mantiki yao haikuwa ya kipumbavu. Lakini na yeye alikuwa na yake: alirudi. Alikuwa na kila kitu walichokuwa wanakitafuta wao akakiacha, na mama yake hakumpeleka shule ili akae New York. Mimi niko upande wake, japo sijifanyi kwamba ningekuwa mwanafunzi wa Ohio mwaka 1968 ningepanda ndege haraka.

Moto huo ulifika mpaka Kurasini. Wanafunzi waligoma, kasisi Mateus Gwenjere akawa nyuma yao, na Machi 1968 shule ikafungwa. Hoja dhidi ya Mondlane zilikuwa zile zile: mke mzungu, rafiki wa Wamarekani, nondo za Marekani, basi lazima ni kibaraka. Kwamba silaha za jeshi lake zilitoka China na Urusi haikuwazuia wasemaji. Nondo ile ile iliyompa sauti duniani ikawa kamba ya kumnyongea nyumbani.

Julai 1968 alichaguliwa tena kwenye mkutano mkuu wa pili, uliofanyika ndani ya Msumbiji kwenyewe, Niassa, kwenye ardhi iliyokombolewa. Alikuwa pia anaandika kitabu chake kuhusu vita vya Msumbiji, na kikachapwa 1969, mwenyewe hakukiona madukani.

Jumatatu tarehe 3 Februari 1969 alichukua barua zake ofisini akaenda kufanya kazi kwenye nyumba ya rafiki wa familia, Oysterbay, karibu na bahari, penye utulivu. Ndani ya barua kulikuwa na kifurushi chenye kitabu. Alikifungua. Mtu aliyezunguka nchi nne kutafuta vitabu aliuawa na kitabu. Uchunguzi wa polisi ulielekeza kwamba vifaa vya bomu vilitokea Lourenço Marques, na PIDE hutajwa sana, ingawa mjadala wa nani ndani ya chama alisaidia haujaisha mpaka leo.

Alizikwa Kinondoni, Nyerere akiwepo. Aliyesimama kumsemea alikuwa Mchungaji Edward Hawley, rafiki yake wa siku za Oberlin. Baada ya uhuru mabaki yake yalihamishiwa Maputo, kwenye uwanja wa mashujaa, na tarehe 3 Februari ni sikukuu ya taifa kule. Mwaka 1976 chuo kikuu cha Lourenço Marques, ambacho chini ya Wareno wanafunzi weusi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, kilibadilishwa jina kikaitwa Universidade Eduardo Mondlane.

Wenye wazee waliosoma Kurasini miaka ile, au waliokuwepo Kinondoni siku ya mazishi, waulizeni halafu mtumwagie habari hapo chini. Na wale watakaokuja na hoja ya Gwenjere karibuni pia, ila matusi hapana.